Jibu la Mtoto wa Miaka Saba

Voi, Jumamosi, mchana. Novemba ndiyo imeanza.

Mawingu yamekaa juu ya kilima cha Sagalla tangu asubuhi na mvua haishuki. Upepo unaleta vumbi jekundu hadi ndani ya nyumba, juu ya meza, juu ya kifuniko cha sufuria, juu ya simu hii ninayoandikia. Nimefuta nikachoka, nikaacha.

Saru anacheza nje na watoto wa jirani. Namsikia akiwapangia kazi, wewe kaa hapa, wewe lete ile. Sauti yake ni kubwa kuliko ilivyokuwa wiki nzima. Naandika huku nikisikiliza, na naogopa kuchungulia nisije nikamkatiza.

Saru ni mtoto wa dada yangu Mkawasi, anayelima ndizi na vitunguu kule Mata, karibu na mpaka. Anakaribia kutimiza miaka sita. Yuko kwangu hapa mtaa wa Mwakingali tangu Jumamosi iliyopita kwa sababu moja tu: kupimwa akili.

Nimeliandika neno hilo nikalifuta, kisha nimeliandika tena. Kwenye kituo cha kuwapima watoto wanaita tathmini. Sisi nyumbani tunasema kupimwa, na tunalisema kwa sauti ya chini.

Alipokuwa na miaka miwili na kitu, malaria ilimpanda kichwani. Alipatwa na degedege, akalazwa hospitali Taveta, akalala siku kadhaa bila kufungua macho. Alipoamka alikuwa amesahau kutembea. Maneno machache aliyokuwa nayo yalikuwa yamekwenda, akaanza upya na "mama" kama mtoto mchanga. Tulimshukuru Mungu kwa kutuachia mtoto, na tangu siku hiyo hatujaacha kumkagua. Akidondosha kikombe, tunatazamana. Akisahau jina la mtu, tunatazamana. Hatumwi dukani. Mgeni akimuuliza jina lake, watu wawili au watatu wanamjibia.

Mwezi uliopita mwalimu wake wa chekechea alimwita dada. Alisema Saru anachelewa kujibu, anasahau maneno, anamkodolea macho mtu badala ya kusema. Alishauri akafanyiwe tathmini kabla ya Januari, kabla ya kuingia darasa la kwanza. Ikionekana hawezi kwenda sambamba na wenzake, atatafutiwa nafasi katika shule ya bweni yenye kitengo maalum, mbali na nyumbani.

Bweni, kwa mtoto wa miaka sita ambaye hadi leo hulala ameshika kanga ya mama yake.

Dada ana mtoto mchanga ambaye hajafikisha miezi miwili, hivyo hakuweza kusafiri. Alinipigia simu. "Nenda naye wewe," akasema. "Wewe ndiye umesoma. Mimi nitalia tu mbele ya daktari." Nilikubali kwa sababu sikupata sababu ya kukataa, ingawa moyoni nilitamani kuwa mtu mwingine.

Mimi ni karani wa masijala. Kazi yangu ni faili: kuzipokea, kuzipa namba, kuzitoa zikitakiwa, kuzirudisha mahali pake. Faili ikipotea, anayeitwa ni mimi. Kwa hiyo nimekuwa mtu wa kukagua kitu, kukikagua tena, kisha kurudi kuangalia kama kweli nilikikagua. Watu husema mtu mwoga hufanya karani mzuri. Sijui kama anafanya mjomba mzuri.

Nilipojua Saru anakuja, nilianza kusoma. Nilisoma kwenye simu wakati wa chakula cha mchana, nikasoma nikisubiri maji yafike kwenye bomba la ploti yetu ya nyumba za kupanga.

Nilisoma kwamba ubongo wa mtoto hauji ukiwa umekamilika. Shina lake, lile linaloungana na uti wa mgongo, ndilo hutangulia, kwa kuwa ndilo linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo. Nyuma, ndani ya kisogo, kuna ubongo mdogo unaoshika mizani ya mwili. Hapo nilimkumbuka Saru akijifunza kutembea mara ya pili, mkono ukutani. Ndani kabisa kuna sehemu iliyojikunja inayopokea kumbukumbu mpya na kuzipeleka zitunzwe, yaani masijala. Jirani yake kuna kokwa ndogo kama lozi, ambamo woga huanzia. Yangu nadhani ni kubwa kama boga.

Na mbele, nyuma ya paji la uso, kuna sehemu ya kupanga, kusubiri, kujizuia, kupima neno kabla halijatoka. Hiyo hukomaa mwisho kabisa, hata baada ya mtu kupita miaka ishirini. Nina miaka ishirini na minne. Niliposoma hapo niliwaza: kumbe hata mimi, fundi bado hajashuka kwenye ngazi.

Kisha nikafika kwenye hatua za kufikiri. Mtoto mchanga hufikiri kwa mikono na mdomo. Kitu ukikificha, kwake hakipo tena. Kuanzia miaka miwili hivi anapata ishara: gunzi la mahindi linakuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, kiti kinakuwa gari. Lakini katika umri huo macho bado ndiyo hakimu. Mimina maji yaleyale kutoka bakuli pana kwenda glasi nyembamba, naye atakuambia yameongezeka, kwa kuwa ameyaona yamepanda. Ni karibu na miaka saba ndipo akili inapoanza kuyashinda macho. Mambo ya kufikirika tu, ya "ingekuwaje kama", yanakuja baadaye, kwenye ujana.

Nilisoma yote hayo. Niliyakariri hata. Na badala ya kuyaelewa, nikafanya kile ambacho sisi tuliopita shule za huku tumezoea kufanya.

Nilitafuta maswali ya mtihani.

Sitaki kumsingizia mtu, lakini Mwadime, mwenzangu wa ofisini, alichangia kidogo. Alinikuta nikisoma, akaegemea kabati la faili huku anatafuna mahamri.

"Karani, huyo mtoto unamfanyisha mtihani wa taifa?"

"Ni tathmini tu."

"Tathmini, mtihani, yote ni kukaa mbele ya mtu na kuulizwa. Tafuta waliopita waliulizwa nini. Au hukusoma Kenya wewe?"

Alicheka akaenda zake. Yeye alikuwa anatania. Mimi nilichukua kama ushauri.

Jumapili baada ya kanisa nilimketisha Saru mezani, nikaweka mabakuli mawili ya plastiki yenye maji kiasi kimoja. Moja nikalimimina kwenye glasi ndefu. Nikamuuliza wapi kuna maji mengi. Hakusita hata kidogo. "Hapa!" akasema, kidole kwenye glasi. "Yamepanda!"

Nilichosoma kilisema kwamba anayejibu hivyo akili yake bado haijafika hatua inayofuata. Kilisema "bado". Mimi nilisoma "hapana".

Na mimi nimekulia katika masomo ya ziada. Likizo ya Agosti tulikuwa tukisoma ya muhula wa tatu, na Desemba tukisoma ya mwaka unaokuja. Mwalimu aliyesifiwa ni yule aliyemaliza silabasi mapema, na mtoto aliyesifiwa ni yule aliyetangulia. Kwa hiyo kama watoto wa miaka saba hujibu "ni sawa", nikaona Saru naye aweze kujibu "ni sawa" kufikia Ijumaa.

Nilimfundisha kila jioni nikitoka kazini. Maji kwenye glasi, maji kwenye bakuli. Vifuniko vya soda vilivyopangwa karibu karibu, vifuniko vilivyotawanywa. Jibu lilikuwa moja, na nililitunga mimi mwenyewe kwa lugha yangu ya ofisini: "Ni sawa sawa. Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichopunguzwa." Akilisema lote bila kukwama, anapata biskuti.

Kufikia Jumatano alikuwa anajibu kabla sijamaliza kuuliza. Nilimpigia dada simu nikamwambia, mtoto anashika haraka ajabu. Dada alilia kwa furaha. Nilimsikia akimwambia mumewe, "Umesikia? Umesikia?"

Hapo ndipo ninapoona aibu zaidi. Nilimpa dada yangu furaha ambayo sikuwa nayo.

Jana Ijumaa niliomba ruhusa kazini, nikavaa shati la mikono mirefu kana kwamba ninayepimwa ni mimi, tukaenda. Anayewaona watoto pale kituoni nitamwita Bi. Halima. Ni mama wa makamo, mtu wa Pwani kwa maneno yake, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Hakukaa nyuma ya meza. Alivua viatu akaketi mkekani na Saru, na mimi akanipa kiti huko nyuma karibu na mlango.

Alianza taratibu. Jina lako nani, mamangu. Umekuja na nani. Huyu ni mnyama gani. Kila alipoulizwa, Saru aligeuka kwanza akanitazama, kisha akajibu. Ikaenda hivyo kwa muda.

"Baba," Bi. Halima akasema bila kugeuka.

"Naam."

"Mdomo wako."

"Nimefanya nini?"

"Wasogea. Mwana aulizwa, wewe wajibu."

Sikuwa nikijua. Wallahi sikuwa nikijua. Niliubana mdomo, na nadhani hata pumzi niliibana.

Kisha akatoa maji. Nikawa kama mwanafunzi anayefungua karatasi akakuta swali alilolisoma jana yake. Mabakuli mawili, glasi moja. Akamimina. "Haya n'ambie, wapi kuna maji mengi?"

Saru akanyoosha mgongo. "Ni sawa sawa. Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichopunguzwa."

Bi. Halima aliinua nyusi, akanyanyua ile glasi, akamwaga zaidi ya nusu ya maji kwenye beseni, mtoto akiona. Akairudisha mahali pake.

"Na sasa?"

"Ni sawa sawa. Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichopunguzwa."

Nilifumba macho.

"Ndovu na mbuzi," Bi. Halima akauliza polepole, "nani mkubwa?"

Saru anatoka mahali ambapo watu hukesha wakipiga mabati kuwafukuza ndovu kwenye migomba. Aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimeufunga mdomo kama nilivyoambiwa, na sidhani alikuta chochote usoni mwangu isipokuwa hofu. Akarudisha macho chini.

"Sawa sawa," akasema kwa sauti ndogo. "Hakuna kilichoongezwa."

Bi. Halima hakucheka. Aliivaa miwani yake.

"Nani alokufunza jawabu hili, mwanangu?"

Saru alinielekeza kwa kidevu. "Mjomba. Nikisema lote ananipa biskuti."

Bi. Halima alimkabidhi Saru lile beseni, akamwambia aende uani akamwagie mwarobaini, maana maji hayatupwi mji huu. Saru alipotoka, mama yule alinigeukia.

"Una miaka mingapi, baba?"

"Ishirini na minne."

"Basi wewe umepita. Hongera. Sasa yule mwana n'tampimaje?"

Nilijaribu kujieleza. Nilisema nilisoma, nilisema hatua, nilisema miaka saba. Aliniacha nikaishiwa mwenyewe.

"Mtoto wa miaka mitano akin'ambia glasi ndefu ina maji mengi," akasema, "mimi hufurahi. Najua yuaona, yuapima, yuakata shauri kwa kile akionacho. Ni kosa, naam. Lakini ni kosa la umri wake, na kosa la umri wake ni afya. Wewe umempa jawabu la mtoto wa miaka saba. Ni kama umwendee fundi amshonee mwana gauni la mwaka ujao, kisha uje uniulize mbona lamburura, huenda miguu ina ila."

Nilikumbuka sare yangu ya darasa la kwanza, niliyonunuliwa ikiwa kubwa ili nidumu nayo. Niliikunja mikono miaka mitatu. Mwaka mikono iliponitosha, kitambaa cha makalio kilikuwa kimekwisha.

Halafu nikauliza lile swali ambalo familia yetu nzima imelibeba tangu Taveta. "Kwa hiyo ile malaria, Bi. Halima. Ilimharibu ubongo?"

"Sijui," akasema. "Ndilo nilotaka kulijua leo. Nawe umenitilia pazia."

Nimepigwa nikiwa shule, nimefokewa mbele ya watu ofisini. Hakuna kilichonipata kama sentensi hiyo, na aliisema kwa upole.

Aliniambia nikakae nje kwenye benchi ya barazani, akasimama mlangoni akitazama uani. Nami nikatazama, kwa kuwa sikuwa na pa kuyapeleka macho yangu.

Saru hakuwa amemwagia mti. Alikuwa amechuchumaa kwenye mchanga, beseni kando, kijiti mkononi. Alikuwa amechora mfereji kutoka kwenye beseni kuelekea mwarobaini, na njiani ameutia matawi. Alimimina maji kidogo, akasubiri yatembee, akaziba tawi moja kwa tope na kufungua la pili. Na alikuwa anasema. Peke yake, bila kumtazama mtu.

"Sasa ni zamu ya mama. Funga huko. Funga! Wewe Baba Neema, umefungua tena? Zamu yako ni kesho! Kila siku wewe, kila siku wewe. Nitamwambia mzee wa mfereji!"

Mata hulimwa kwa maji ya mfereji, na kila shamba lina saa zake. Baba Neema ni jirani ya dada. Kweli huiba maji, na kweli dada humfokea maneno hayohayo, mkono kiunoni. Saru naye alikuwa ameweka mkono kiunoni.

Bi. Halima alishuka akaenda kuchuchumaa karibu naye. "Baba Neema ndiye yupi?"

"Huyu." Akagusa jiwe. "Na huyu ni mama. Mama anangoja. Maji yakienda kwa Baba Neema, yetu yanapungua."

"Yapungua?"

"Ee. Si yamekwenda kwake?"

Nilikaa wima kwenye benchi. Hakuwa amenitazama. Niliona mambo mengine pia, na sitaki kuyaficha hapa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unakandamiza tope tu, kazi yote ilikuwa ya kulia. Na alipotaka kusema jembe, neno lilimkimbia. Alisimama, akachezesha vidole hewani, akasema, "Ile... ile ya kuchimba." Bi. Halima hakumpa neno. Alingoja. Lilikuja baadaye, wakati mazungumzo yalikuwa yameshahama. "Jembe!" akasema Saru kwa nguvu, kama aliyeokota kitu alichokuwa amekikalia.

Nimekuwa nikiuwaza mfereji ule tangu jana. Nilisoma kwamba njia za ubongo zinazotumika huimarika, na zisizotumika hufifia. Nilipita juu ya sentensi hiyo kama ninavyopita juu ya maelezo ya nyuma ya kifuko cha dawa. Lakini Mata kila mtu anajua kwamba mfereji usiopitishwa maji hujaa mchanga, na kwamba ukiporomoka mahali, maji hayakati tamaa, huzungushwa upande mwingine, taratibu, na mtu mwenye jembe. Je, sisi tuliokuwa tukimjibia Saru miaka yote hii tulikuwa tunapitisha maji, au tulikuwa tunaziba?

Bi. Halima alirudi akifuta mikono. "Nimeona kitu," akasema. "Lakini siandiki neno kwa kuona mara moja uani. Mlete Jumatatu. Hapa kati usimfunze lolote. Ukiweza, usimuulize hata swali."

"Na akikosea?"

"Mwache akosee. Akikosea kwa akili yake mwenyewe, utakuwa umenisaidia."

Jana jioni sikujua nifanye nini na mdomo wangu. Niligundua kwamba karibu maneno yangu yote kwa mtoto huyu ni maswali. Hii ni rangi gani? Hizi ni ngapi? Huyu nani? Nilipoyaondoa, nyumba ilibaki kimya. Saru naye alikaa kwenye kiti chake cha masomo, mikono magotini, akingoja.

"Mjomba, leo hatusomi?"

"Hatusomi."

"Na biskuti?"

"Biskuti ipo."

Aliila polepole, akinitazama kama mtu anayehisi kuna mtego mahali fulani.

Kutazama uso kwanza. Nimejiuliza amejifunza wapi, na nimepata jibu nisilolipenda. Wiki mbili zilizopita mkubwa wangu wa kazi aliniuliza kama mpango mpya wa kupanga faili kwa kata badala ya mwaka ni mzuri. Mimi ndiye ninayeshinda na faili hizo. Nilijua utatuchelewesha. Nilimtazama usoni, nikaona anaupenda, nikasema, "Ni sawa, madam. Ni sawa kabisa."

Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichopunguzwa.

Sijawahi kuugua malaria ya ubongo. Yangu ni nini basi? Nadhani nilipewa majibu mengi kabla ya wakati wake, nikapewa biskuti, na hadi leo nikiulizwa ninaona nini, natafuta kwanza uso wa anayeuliza.

Asubuhi ya leo nilipika uji. Vyombo vilikuwa vichafu kwa sababu maji hayajafika tangu juzi, kwa hiyo nilimimina wa Saru kwenye bakuli lake na wangu kwenye ile glasi ndefu. Sikuwa na nia yoyote. Nataka hilo lijulikane, hata kama anayelisoma ni mimi mwenyewe. Nilikuwa na njaa tu.

"Mjomba! Wako ni mwingi!"

Niligeuka. Alikuwa amesimama juu ya kiti, amekasirika kweli. Lile jibu letu lilinijia hadi ncha ya ulimi. Nililimeza pamoja na uji, ukaniunguza koo.

"Unaona hivyo?"

"Ee. Wako umepanda mpaka hapa. Wangu uko chini. Si haki."

Hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa akiitazama glasi.

Tulibadilishana. Alishika glasi kwa mikono yote miwili, ule wa kushoto ukitetemeka kidogo, akanywa kwa fahari ya mtu aliyedai haki yake akapewa. Mimi nilikunywa kwenye bakuli lenye picha ya bata. Sijawahi kufurahia jibu lisilo sahihi maishani mwangu, na leo nilitamani kulipigia makofi. Nilijizuia. Ile sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, nadhani, imeongezeka tofali moja.

Kisha nilimpigia dada. Nilimweleza yote: biskuti, ndovu na mbuzi, pazia. Nilimsikia mtoto mchanga akinyonya. Nilidhani atanifokea. Nilimwambia pia habari ya uji.

"Kwa hiyo amekosea," akasema.

"Amekosea kabisa, dada."

"Na wewe unacheka."

"Nacheka."

"Nyinyi wasomi." Akavuta pumzi. "Basi na tungoje Jumatatu. Na mwambie Saru kwamba Baba Neema amefungua maji tena leo alfajiri."

Nilitoka nje nikamwambia. Saru aliacha mchezo, akaweka mkono kiunoni mbele ya watoto wote wa ploti.

"Nilijua!" akasema. "Nilijua huyo mtu!"

Sijui Bi. Halima atasema nini. Mkono wa kushoto bado ni mzito na maneno bado yanamkimbia. Huenda nilichokiona uani ni kile tu nilichotaka kukiona. Mimi si mtaalamu, ni karani mwenye simu. Huenda bweni bado lipo njiani. Nikiliwaza hilo, lile boga linaanza kupiga kichwani. Lakini angalau atakayepimwa safari hii ni yeye.

Jumatatu asubuhi itanibidi niombe ruhusa tena. Nitamwambia madam sababu yenyewe, na akiuliza habari za faili, nitamwambia pia ninavyoona. Nimelifanyia mazoezi neno hilo mara mbili, kisha nikaacha kulifanyia mazoezi.

Halafu tutaenda kituoni, naye ataingia na Bi. Halima. Mimi nitakaa nje, kwenye benchi, mbali na mlango. Akigeuka kuutafuta uso wangu, asiupate. Arudi kuitazama glasi.